Je, Umeme Ndio Uendeshao Sayari?

Muhula huu yamezuka mabishano miongoni mwetu juu ya habari iliyoletwa skuli na mwanafunzi mmoja aliyeitazama katika simu. Habari yenyewe yasema kwamba jua ni taa kubwa iwashwayo na umeme utokao mbali, kati ya nyota. Na kwamba mashimo ya mwezini na mabonde ya Mirihi yalichimbwa na radi. Baadhi yetu walicheka, wengine wakasadiki. Lakini kucheka si jawabu, na kusadiki bila ya kupima si elimu. Basi yafaa tuipime.

Fikira hii si ngeni. Mwaka 1950 tabibu mmoja, Immanuel Velikovsky, aliyezaliwa katika dola ya Urusi na kuhamia Marekani, alitoa kitabu kiitwacho Worlds in Collision. Alidai kuwa Zuhura ilichomoka katika Mushtarii, ikapita karibu na dunia yapata miaka 3,500 iliyopita, na kwamba nguvu za umeme na sumaku zilikuwa na kazi katika mambo hayo. Mwaka 1972 mhandisi Ralph Juergens akaongeza kuwa jua lenyewe lawashwa na umeme wa nje. Baadaye Wallace Thornhill na David Talbott wakaieneza nadharia hiyo.

Kwanza tukiri ukweli uliomo ndani yake. Hewa ikipata joto kali mno, chembe za umeme hubanduka katika atomu zake, na hali hiyo huitwa plazma. Jua ni plazma, na mmweko wa radi pia ni plazma. Hannes Alfvén wa Sweden alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1970 kwa elimu hiyo. Hata juu ya paa zetu hapa Makangale iko tabaka ya plazma. Mchana sehemu yake ya chini huyanyonya mawimbi ya redio; jua likichwa sehemu hiyo hufifia, na tabaka ya juu huyarudisha mawimbi ardhini. Ndiyo maana usiku redio hukamata stesheni za mbali zisizosikika mchana. Na kaskazini yetu, karibu na Malindi, tarehe 12 Disemba 1970 kilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini, chombo kilichopewa jina la Uhuru. Chombo hicho kiliorodhesha vianzo 339 vya mionzi ya eksirei angani, na kikasaidia kuonyesha kuwa katikati ya makundi ya galaksi imetanda plazma yenye joto kubwa ajabu.

Kwa hivyo hakuna anayekana kuwa umeme uko angani. Swali ni hili: je, ndio uwashao jua na kuendesha sayari?

Tuanze na jua. Tangu mwaka 2010 umeme wa Pemba hupita katika waya uliolazwa chini ya bahari kutoka bara, upande wa Tanga. Waya ukikatika, taa huzimika. Basi ikiwa jua ni taa, mkondo wake sharti uonekane: chembe hasi nyingi mno zingekuwa zikimiminika kuelekea juani. Vyombo vimepima, kikiwamo Parker Solar Probe kilichorushwa mwaka 2018 na kuingia katika taji la jua mwaka 2021. Vimekuta upepo utokao juani, wenye chembe chanya na hasi kwa kiasi kilicho karibu sawa. Mkondo uingiao wa kutosha kuliwasha jua haukuonekana.

Kuna ushahidi mwingine. Wataalamu husema jua huwaka kwa kuunganisha viini vya haidrojeni, na kazi hiyo hutoa vijichembe viitwavyo nyutrino. Katika miaka ya 1960 Raymond Davis aliweka pipa kubwa ndani ya mgodi huko South Dakota, Marekani, akavihesabu. Alipata kiasi cha theluthi moja tu ya vilivyotazamiwa! Watetezi wa jua la umeme wakafurahi. Lakini mwaka 2001 na 2002 wataalamu wa Sudbury, Kanada, walionyesha kuwa nyutrino hubadilika aina njiani. Zilipohesabiwa aina zote, hesabu ikatimia.

Na sayari je? Ni kweli kwamba kati ya protoni na elektroni umeme hushinda mvutano kwa mara nyingi sana: andika 2 kisha sifuri 39. Lakini umeme una chanya na hasi, nazo hufutana. Mvutano huvuta tu, haufutwi na kitu. Ndiyo sababu katika miili mikubwa kama sayari mvutano ndio hutawala. Wavuvi wetu wayajua matokeo yake. Mwezi uandamapo na unapokuwa mpevu, jua na mwezi husaidiana kuvuta, tukapata bamvua. Nusu ya mwezi hutupa maji mafu. Jedwali la maji hupigwa chapa kabla ya mwaka kuanza, kwa hesabu ya mvutano, wala haliutaji umeme. Kwa hesabu hiyo hiyo Le Verrier wa Ufaransa alionyesha mahali pa sayari isiyopata kujulikana, na Galle wa Berlin akaiona Neptune usiku wa tarehe 23 Septemba 1846, pungufu ya digrii moja kutoka mahali palipotajwa.

Tumtendee haki Velikovsky. Alisema Zuhura ni ya moto, na chombo Mariner 2 kilithibitisha mwaka 1962. Lakini sababu aliyoitoa, kwamba ni sayari changa iliyozaliwa kwa kishindo, siyo. Zuhura ina joto kwa kuwa imefunikwa na hewa nzito ya kaboni inayozuia joto kutoka. Kila mwanafunzi ajua kuwa katika mtihani wa hesabu jawabu likiwa sawa na njia ikiwa mbovu, mwalimu hatoi alama zote.

Basi ndugu wasomaji, mtu akikuletea nadharia mpya, usimwulize ni nani aliyoisema, wala watu wangapi wameitazama. Mwulize: yabashiri nini, kwa nambari gani, na lini tutakwenda kutazama? Mwenye jedwali la maji aweza kujibu.