Mawe ya Pujini Yanatudai

Wako miongoni mwetu wanaodhani kwamba magofu ni mambo ya wageni wenye nafasi na fedha, na kwamba mfanyakazi, siku yake ya mapumziko ikifika, hana la kutafuta katika ukuta uliobomoka. Fikira hiyo si sahihi, nasi leo twataka kueleza kwa nini.

Dunia nzima yalijua jina la Athens. Kila kiangazi maelfu ya watu, mabwana na wake zao, hupanda kile kilima cha Akropoli katika jua la kuchoma ili waone nguzo za Parthenon, hekalu lililoanza kujengwa mwaka 447 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Wengi hutazama, wakapiga picha, wakashuka. Lakini waliosoma maandishi ya mawe ya mji ule wameona jambo la kumgusa kila mtu wa kazi. Lilipokuwa likimalizwa hekalu la jirani liitwalo Erechtheion, hesabu za ujenzi zilichongwa katika mawe na kuwekwa mbele ya macho ya watu: fulani kachonga nguzo, fulani kapasua mbao, na ujira wake ni kadha. Walikuwamo raia, na wageni, na watumwa, na ujira wa kawaida ulikuwa drakma moja kwa siku. Hatusemi kwamba palikuwa na haki, kwa maana mtumwa ni mtumwa hata akiandikwa katika jiwe. Twasema tu kwamba kazi ya mikono yao haikufichwa nyuma ya jina la mkubwa.

Sasa na tuje kwetu. Mtu akitajiwa Gombani hukumbuka uwanja wa michezo na kelele za washangiliaji. Ni wachache wanaokumbuka kwamba kutoka hapo hata magofu ya Pujini si safari ya kumchosha mtu, maana yako kama kilomita 10 tu kusini-mashariki ya mji wa Chake Chake, karibu na pwani ya mashariki ya kisiwa. Siku moja ya kaskazi, joto limetulia juu ya miti na hapana jani linalotikisika, tulifuatana huko na bwana mmoja fundi mwashi, mkaazi wa Gombani, pamoja na mkewe. Walikuwa wamezaliwa Pemba wote wawili, wala hawajapata kufika Pujini.

Pujini ni boma. Palikuwa na ukuta mkubwa wa udongo na mawe uliozunguka majengo, na ndani yake kisima, na chumba kilichochimbwa chini ya ardhi ambamo imeonekana sura ya siwa iliyofinyangwa kwa chokaa ukutani. Siwa ni baragumu ya enzi. Aliyeiweka pale alitaka watu wajue nani mwenye amri. Masimulizi ya wazee yamtaja mwenye amri huyo kuwa ni Mkama Ndume, maana yake mwenye kuwakamua wanaume. Husimuliwa kwamba aliwalazimisha watu wake kubeba mawe ya ujenzi huku wakijikokota kwa makalio. Husimuliwa pia kwamba kisima kiligawanywa kwa ukuta kwa sababu ya wake zake wawili wenye wivu: mmoja ateremke kwa ngazi, wa pili ateke kwa ndoo na kamba, wasionane.

Yule fundi alipitisha kiganja chake juu ya ukuta, akasugua kwa kidole gumba, akasema, "Chokaa hii iliachwa ikaiva. Aliyeifanya alijua kazi."

Mkewe akamwuliza, "Na yeye alilipwa nini, bwana?"

"Hilo halikuandikwa, bibi."

"Limeandikwa," akasema yule bibi. "Mtu hapewi jina la Mkama Ndume kwa kulipa vizuri."

Sisi twaona kwamba bibi huyo alisema kweli kuliko vitabu vingi. Watu wa Athens waliweka hesabu zao katika mawe. Watu wa Pemba waliweka zao katika jina. Wabeba mawe hawakuwa na kalamu wala mwandishi, lakini walimpa bwana wao jina, na jina hilo limedumu kuliko boma lenyewe. Kama kila tendo la hadithi hiyo lilitokea au halikutokea, lililo hakika ni kwamba watu walikumbuka ukuta ule kwa uchungu wa waliobeba, si kwa fahari ya aliyeamrisha.

Jambo la pili ni hili. Katika zama za ukoloni waandishi wengi walitufundisha kwamba kila jengo la mawe katika mwambao huu lilikuja na Waajemi au Waarabu, na kwamba Mwafrika alikuwa mtazamaji tu. Uchimbaji umeubomoa uwongo huo. Wataalamu waliochimba Pujini katika miaka ya 1990 wamelihesabu boma lile kuwa kazi ya Waswahili wenyewe, katika karne ya 15. Huko kaskazini, Tumbe ulikuwa mji wa watu wengi tangu kabla ya karne ya 8, na baada yake ukastawi mji wa Chwaka. Ras Mkumbuu pana magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo. Na Mtambwe Mkuu, mwaka 1984, zilifukuliwa sarafu zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa za fedha, ndogo mno, zilizopigwa katika mwambao huu huu kwa majina ya watawala wake. Watu wenye sarafu yao hawakuwa wakingoja mgeni awafundishe biashara.

Hata Wagiriki walijua hayo. Yapata miaka 2,000 iliyopita mfanyabiashara mmoja aliyeandika kwa Kigiriki alitaja safari za mwambao huu, na kisiwa alichokiita Menouthias, penye mashua za kushonwa na mitego ya kusukwa ya kuvulia. Wataalamu hawajapatana kama ni Pemba, au Unguja, au Mafia. Lakini mvuvi wetu anayetega dema hatauona ugeni wowote katika habari hiyo.

Basi urithi huu ni wa nani, na nani aulinde? Sheria ya kuhifadhi majengo ya kale ilitungwa Zanzibar tangu mwaka 1927, na iko idara ya serikali yenye kazi hiyo. Lakini sheria haikai usiku kucha kulinda jiwe. Jiwe lililokwisha kuchongwa humtamanisha mwenye kujenga, na tumbawe kongwe likitiwa tanurini huwa chokaa kama tumbawe jipya. Mizizi hupasua kuta, mvua hulainisha udongo, bahari hula pwani. Hayo yote hayangoji bajeti.

Kwa hiyo twatoa rai tatu. Kwanza, matawi ya Chama na vyama vya wafanyakazi yafanye safari za magofu kuwa sehemu ya mapumziko ya wanachama, waume na wake pamoja na watoto, na wapite pia katika makumbusho yaliyomo ndani ya boma kongwe la Chake Chake. Pili, vijana wa vijiji vya jirani wafundishwe kuwa walinzi na waelezaji wa magofu, na wapate ujira wa haki, usiopungua jasho lao. Tatu, masimulizi ya wazee yaandikwe kabla wenye kuyajua hawajaondoka, maana mzee akifa na habari zake, hapana mchimbaji atakayezifukua.

Taifa lisilojua nani alibeba mawe yake huwa jepesi kudanganywa na kila anayedai kuwa ndiye mjenzi. Mawe ya Pujini hayaombi mapambo wala hotuba. Yanatudai kuyajua na kuyatunza, na deni hilo ni letu sote.