Difu ya lori imekufa: Mtengeneze au mnunue nyingine?

Simu huingia usiku. Dereva yuko kando ya barabara na mzigo wa viazi. “Bosi, injini inanguruma, gia inaingia, lakini gari haisogei. Difu imekufa.” Kwa familia inayoishi kwa Fuso au Canter moja, ada, kodi ya nyumba na rejesho la mkopo vyote vimekwama njiani.

Kesho yake fundi anaweza kutoa jibu kabla hajashika spana: nunueni difu nzima. Huenda yuko sahihi, lakini kwa nje hawezi kujua. Baba na mama wasiguse akiba ya ada mpaka difu ifunguliwe na vyuma vipangwe chini kwenye turubai, wote wawili wakiviona.

Gari kutosogea kunaweza kuwa jambo dogo. Kwenye malori mengi ya aina hii, uzito hubebwa na hausingi ya ekseli. Kazi ya shafti ya pembeni ni kupeleka nguvu tu kwenye magurudumu. Ikikatika moja, mzunguko wote huishia upande huo na lori hubaki palepale. Fundi hufungua nati za kwenye hubu, huichomoa na kuweka nyingine bila kung'oa tairi, ila kipande kilichobaki ndani lazima kitolewe. Kununua difu nzima kwa kosa hilo ni hasara ya bure. (Pikapu ni habari nyingine: kwenye nyingi shafti hubeba pia uzito, na ikikatika gurudumu linaweza kuchomoka.)

Oili nayo husema mengi. Uji laini wa kijivu kwenye sumaku ya nati ya chini ni uchakavu wa kawaida. Mkiona vipande vya chuma, au jino zima, krauni na pinioni huenda zimekwisha. Hizo hununuliwa pamoja, kwa sababu husagwa kwa jozi kiwandani. Anayewashauri kuweka pinioni mpya kwenye krauni ya zamani anajitafutia kazi ya mwezi ujao.

Hapo ndipo hesabu inapoanza. Jozi mpya, beringi, sili na ufundi, vikijumlishwa, vinaweza kuikaribia bei ya difu nzima ya mtumba pale Gerezani, Dar es Salaam. Tena si kila fundi anaweza kuipanga difu: nafasi kati ya meno hupimwa kwa geji, na meno hupakwa rangi ili kuona yanavyogusana. Asiye na geji atawarudishia lori linalolia. Kama mlipo hakuna fundi wa hivyo, difu iliyokamilika ina faida. Na kama hausingi yenyewe imepinda au ina ufa, tafuteni nyingine. Wapo wanaochomelea asubuhi na kukabidhi jioni, lakini moto huipinda zaidi, na matairi huanza kulika upande.

Ya mtumba ina mtego wake. Hesabuni meno ya krauni, mgawanye kwa ya pinioni. Meno 40 kwa 7 ni 5.714, 37 kwa 7 ni 5.286. Kwa macho zinaweza kufanana, lakini ya kwanza hupanda mlima na mzigo vizuri zaidi, ya pili hukimbia zaidi kwa mzunguko uleule wa injini. Mkifunga isiyolingana na ya mwanzo, dereva atalalamika kila kilima.

Hesabuni pia siku za kulala gereji. Wiki tatu za kusubiri spea ya bei nafuu zinaweza kumeza chote kilichookolewa, huku dereva akitafuta gari jingine.

Swali moja mafundi wengi hawalipendi, na mama aliulize: kwa nini imekufa? Kama mzigo ulizidi, au tundu la kupumulia liliziba, sili zikavuja na difu ikakauka oili, hiyo mpya nayo haina maisha.

Wakati wa kulipa, daini vyuma vya zamani. Mtaona kilichobadilishwa kweli, na chuma chakavu huuzwa kwa kilo.