Abatangamuco: wanaume wanaokiri mbele ya majirani kwamba walipiga wake zao

Warundi wana msemo ambao bibi harusi huusikia mapema: "Niko zubakwa", yaani ndivyo nyumba zinavyojengwa. Kwa Wakongo waliopewa hifadhi katika kambi ya Kinama, Gasorwe huko Muyinga, maneno ni mengine lakini ushauri ni uleule: vumilia, mambo ya chumbani hayatoki nje. Mwenyeji wa Nyarusange, Gitega, na mkimbizi kutoka Kivu wanaweza wasielewane kwa lugha, ila katika hili wanaelewana vizuri mno.

Ndiyo sababu bango la Kifaransa lenye picha ya ngumi iliyokatwa kwa mstari mwekundu halibadilishi kaya nyingi. Watu hulipita wakienda kuchota maji. Ukatili kati ya mume na mke hulindwa na maneno ya nyumbani, na ni maneno ya nyumbani yanayoweza kuujibu.

Mfano wa karibu ni Abatangamuco. Katika Kirundi, umuco ni mwanga, na pia ni utamaduni. Jina hilo hutafsiriwa kama "wanaoleta mwanga". Kundi hili lilianza hapa Burundi miaka ya 2000 kwa msaada wa shirika la CARE. Mwanamume aliyekuwa akimpiga mkewe, akiuza mavuno bila kumwambia, akimalizia pesa kwenye bia, husimama mbele ya watu na kusimulia aliyoyatenda na jinsi alivyoacha. Mara nyingine hutumia igizo. Mke naye hupewa nafasi ya kusema.

Nguvu yake iko kwa wasikilizaji. Majirani wanamjua, walisikia kelele za usiku, na akidanganya watamcheka. Kwa Warundi, neno la mwanamume mbele ya watu lina uzito. Ndiyo maana bashingantahe husikilizwa. Abatangamuco hawakuitupa heshima hiyo, waliigeuza: mwenye heshima ni yule anayepanga matumizi pamoja na mkewe. Ni jibu zito kwa methali ile ya "Inkokokazi ntibika isake iriho", kwamba kuku jike hawiki jogoo akiwepo.

Je, kusimulia kunatosha? Hapana, na tuseme ukweli. Mashariki mwa Kongo, wanaume walikutana katika vikundi vya mazungumzo vya shirika la IRC kwa wiki 16. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba fikra zao zilibadilika, lakini wake zao hawakuripoti ukatili mdogo kuliko wanawake wa maeneo ya kulinganisha. Mume kusema amebadilika ni jambo moja. Mke kulala bila hofu ni jambo jingine, na ni yeye anayepaswa kuulizwa, peke yake, mahali salama.

Rwanda, mradi wa Indashyikirwa uliwaweka mume na mke pamoja. Wenzi waliotoka katika vikundi vya kuweka akiba walipitia vipindi 21 kuhusu madaraka, pesa, wivu, pombe na namna ya kugombana bila kupigana. Baada ya miaka miwili, ukatili kwa wanawake hao ulikuwa umepungua sana ukilinganisha na wenzi ambao hawakupitia mafunzo hayo. Kampala nako, mpango wa SASA! uliwatumia majirani wa kawaida kuzungumza na majirani wenzao. Utafiti wa mwaka 2014 ulikadiria kwamba kipigo kwa wanawake katika mitaa hiyo kilikuwa karibu nusu ya kile cha mitaa mingine.

Kuna mahali desturi haifai kupewa kazi. Mwanamke aliyepigwa au kubakwa na mumewe hapaswi kushinikizwa akae kikao cha suluhu pamoja naye, hata kama wazee wana nia njema, hata kama bia ya upatanisho imeshanunuliwa. Mara nyingi hurudi nyumbani na mtu aliyeaibishwa na mwenye hasira. Burundi ina sheria ya Septemba 2016 ya kuzuia na kuadhibu ukatili wa kijinsia.

Ukihitaji msaada, Gitega kuna kituo cha Humura, ambapo matibabu, ushauri nasaha, polisi na msaada wa kisheria vinapatikana mahali pamoja. Kwa walio Kinama, anzia kituo cha afya cha kambi au mfanyakazi wa ulinzi. Unaweza kuomba kuzungumza na mwanamke. Baada ya kubakwa, dawa ya kuzuia VVU inapaswa kuanza ndani ya saa 72, mapema zaidi ni bora, na ya kuzuia mimba ndani ya saa 120. Ukiweza, usifue nguo ulizovaa; zifunge kwenye karatasi, si mfuko wa plastiki, uende nazo. Hata kama umeshaoga au kufua, nenda. Utatibiwa bila kulazimishwa kushtaki.