Je, Wajua? Sinema, Siasa na Sura Zinazofichwa

Unapenda filamu? Sogea hapa, nikupe mambo!

Je, wajua kwamba mwaka 1940 Hattie McDaniel alikuwa Mweusi wa kwanza kushinda Oscar, lakini hakuketi na waigizaji wenzake? Hoteli ya hafla hiyo haikupokea Weusi, akatengewa meza kando, ukutani. Akanyanyuka hapohapo kwenda kuchukua tuzo yake!

Haya, piga hesabu. Mwanamke Mweusi wa kwanza kutwaa Oscar ya mwigizaji mkuu bora, Halle Berry, alipatikana mwaka 2002. Miaka 62 baadaye!

Na je, wajua kwamba Anna May Wong, Mmarekani wa asili ya China, alinyimwa nafasi ya mke wa mkulima wa Kichina katika The Good Earth ya 1937? Mume aliigizwa na Mzungu, na kanuni za Hollywood zilikataza mapenzi ya rangi mbili. Nafasi akapewa Mzungu, Luise Rainer, na Oscar akaondoka nayo!

Shika na hii: Saadi Yacef alipigania uhuru wa Algeria, kisha kwenye The Battle of Algiers ya 1966 akaigiza mhusika aliyetokana na maisha yake mwenyewe. Mwaka 2003 Pentagon ikawaonyesha maofisa wake filamu hiyohiyo!

Mwongozaji Haifaa al-Mansour alipopiga filamu ya Wadjda mitaani Riyadh, alijificha ndani ya gari na kuwaelekeza waigizaji kwa redio ya mkononi. Kisa? Mwanamke hakuruhusiwa kuchanganyika na wanaume hadharani.

Twende Nairobi. Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu kuhusu mapenzi ya wasichana wawili, ilikuwa ya kwanza ya Kenya kuteuliwa rasmi kwenye tamasha la Cannes, mwaka 2018. Nyumbani ikapigwa marufuku! Mahakama ikairuhusu kwa siku 7 tu, na tiketi zikagombaniwa.

Na Vuta N'kuvute ya Amil Shivji? Mwaka 2021 iliwapeleka kwenye tamasha la Toronto Yasmin na Denge, wapenzi wa Zanzibar ya kikoloni tuliowajua kwenye riwaya ya Shafi Adam Shafi.

Sasa zamu yako! Tangu 1985 kuna kipimo cha filamu cha mchoraji katuni Alison Bechdel: je, wamo wanawake wawili? Wanazungumza wao kwa wao? Juu ya jambo lisilo mwanamume? Kijaribu kwenye filamu yako ya leo usiku, uone kama inaanguka!