Kompyuta na Mwisho wa Sataranji

Mchezo wa sataranji unapokaribia kwisha, kete hubaki chache ubaoni. Yawezekana msomaji akadhani kuwa hapo kazi ya kompyuta ni nyepesi. Sivyo. Ushindi huweza kuwa mbali mno, hata programu inayokagua hatua 20 za mbele isiuone.

Njia iliyopatikana ni kuanzia mwisho na kurudi nyuma. Kwanza kompyuta huorodhesha kila hali ambayo mfalme amekwisha kufungwa. Kisha hutafuta hali zinazoweza kufikishwa hapo kwa hatua moja, halafu mbili, na kuendelea, mpaka kila hali ipate jibu lake. Wakati wa mchezo, programu husoma tu jedwali hilo.

Kwa njia hiyo, mwaka 1983 Ken Thompson wa Marekani alionyesha kuwa kwa kawaida maaskofu wawili humshinda farasi mmoja, ingawa mabingwa walidhani ni sare. Lakini huenda zikahitajika hatua 66 za kila upande kabla ya farasi kuliwa. Nayo kanuni humruhusu mchezaji kudai sare zikipita hatua 50 pasipo kete kuliwa wala askari kusogezwa. Katika miaka ya 1980 kikomo hicho kiliongezwa kwa baadhi ya miisho, kisha mwaka 1992 kikarudishwa kuwa 50 kwa yote.

Kwa sababu hiyo majedwali ya Syzygy, yaliyotolewa na Ronald de Man mwaka 2013, hutenganisha ushindi halisi na ule unaozuiwa na kanuni. Programu isiyojua tofauti hiyo huweza kufuata ushindi ambao mwamuzi hataukubali.