Selimundu: Urithi Usio na Mkosaji

Mtoto anapoumwa na viungo mara kwa mara, macho yakawa ya manjano na damu ikampungua, aghalabu watu huuliza: "Ukoo wa mama una nini?" Swali hilo husikika sana hapa Malindi. Mimi, niliye mwanaisimu, naona mna hukumu ndani yake kabla ya ushahidi kuletwa.

Neno "selimundu" limeundwa kwa ufasaha: seli za damu zilizopinda mithili ya mundu. Hata hivyo, laeleza umbo tu. Halisemi maradhi yametoka kwa nani. Sayansi yajibu kwamba mtoto haugui asiporithi kasoro kwa baba na kwa mama pia. Wazazi hao, kila mmoja akibeba kasoro moja, huwa wazima. Katika kila mimba yao pana fungu moja kati ya manne la kupata mtoto mgonjwa, mawili ya kupata mbebaji, na moja la kupata asiye na kasoro kabisa. Basi amtalikiye mkewe kwa sababu hii amejihukumu mwenyewe.

Kwa nini kasoro hiyo ikadumu pwani? Mnamo 1954, Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya, alichapisha ushahidi kuwa mbebaji ana kinga dhidi ya malaria. Tafiti za Kilifi, ambako kituo cha KEMRI na Wellcome Trust kilianzishwa mwaka 1989, zimeonyesha kwamba kinga hiyo hupunguza malaria kali kwa takriban asilimia 90. Ndiyo maana wabebaji ni wengi pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, lakini ni nadra katika nyanda za juu zenye baridi. Si laana wala uchawi.

Mgonjwa mwenyewe hana bahati hiyo. Malaria humwua upesi. Yapasa apimwe angali mchanga, apewe penisilini kila siku hadi atimize miaka mitano, na akingwe na malaria. Dawa ya hidroksiyurea nayo hupunguza vipindi vya maumivu.

Walimu wenzangu, tusimchape mtoto huyu kwa utoro. Tumruhusu kunywa maji na kwenda msalani kila ahitajipo, wala tusimlazimishe kukimbia juani. Nanyi wanafunzi, pimeni damu kabla ya kuposa au kuposwa, mpate kuamua mkiwa mnajua.