TANSIO NA SUKARI: UGONJWA USIOPIGA HODI

Mwizi wa usiku hapigi hodi. Ndivyo ulivyo ugonjwa wa tansio, yaani damu kusukuma mishipa kwa nguvu mno. Mtu huchimba, hubeba mizigo, huimba kanisani, kumbe ni mgonjwa. Sukari nayo mara nyingi huanza polepole. Kwa hiyo usiseme, "Sina maumivu, nimepona." Kipimo ndicho kinachojua. Tansio ikionekana mara kwa mara 14 kwa 9 au zaidi, imezidi.

Wengi huacha dawa kwa kuwa wanajisikia vizuri. Lakini tansio imeshuka kwa sababu ya dawa! Wakiiacha, tansio hupanda tena. Siku moja mshipa wa kichwani huziba au hupasuka, na mtu hupooza upande mmoja. Sukari isiyotunzwa huharibu macho, figo na miguu.

Sisi wa Bisie tunakaa mbali, ndani ya pori. Mwezi wa Machi 2025, vita vilipokaribia Walikale, hata mgodi mkubwa wa hapa ulisimamisha kazi mpaka Aprili. Njia hufungwa bila kutuuliza. Basi usingoje kidonge cha mwisho. Dawa ikibaki ya majuma mawili, tafuta nyingine.

Wewe unayemtunza mgonjwa nyumbani, shika haya:

1. Dawa imezwe kila siku, saa ile ile. Usimpe dawa ya jirani.

2. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja kidogo. Makayabu yalowekwe, na maji yake yamwagwe.

3. Fufu iwe kidogo. Sombe na maharagi yawe mengi. Chai isitiwe sukari. Aache pombe na tumbaku.

4. Tazama miguu yake kila jioni. Mwenye sukari aweza kukanyaga jiwe kali asisikie. Asitembee bila viatu.

5. Insulini isikae karibu na moto wala juani. Ifunge vizuri katika plastiki, uitie ndani ya chungu kilichozungukwa na mchanga wenye maji, kivulini penye upepo.

6. Akitetemeka, akitoka jasho na kuchanganyikiwa, sukari imeshuka. Kama aweza kumeza, mpe upesi maji yenye vijiko vitatu vya sukari, kisha chakula. Akizimia, usimtie kitu kinywani, mpeleke hospitali.

7. Akiwa na kiu kali, akitapika na kuhema kwa nguvu, mpeleke siku ile ile. Mtu wa insulini asiiache kabisa, hata akiwa hali chakula.

Siku za kufunga na kuomba, mwenye dawa ya sukari asifunge kabla ya kumwuliza muganga.

Wengine huuliza: Je, kumeza dawa ni kukosa imani? Sivyo. Anayeomba mavuno hushika pia jembe. Omba asubuhi, umeze dawa yako, kisha uende kazini kwa amani.